Tazama Kichwa cha Ndoana Kabla ya Ncha Yake

Mazungumzo kwa wavuvi wa Ziwa Turkana, na kwa wenye maduka na wachuuzi wa samaki wa Lodwar na Kakuma



Mtu aingiapo dukani Lodwar kununua ndoana, aghalabu hufanya jambo moja. Huitoa ndoana katika kisanduku, huigusa ncha yake kwa kidole gumba, na akiona ni kali husema kwamba ndoana ni nzuri, akalipa. Ncha ni jambo kubwa, wala hakuna atakayelikana hilo. Lakini ncha ni nusu tu ya kazi. Ncha humshika samaki. Mwisho wa pili wa ndoana ndio umletao mashuani. Mazungumzo haya ni juu ya mwisho huo wa pili, yaani kichwa cha ndoana, mahali ambapo ndoana huungana na uzi wake, na kwa njia ya uzi huo huungana na vyombo vingine vyote: waya, pete, chubwi, chelezo na kamba kuu.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini si dogo kwa mtu wa Turkana. Katika nchi hiyo mali ni mifugo, na mwaka wa njaa ukija, mtu aliyepotelewa na mbuzi zake huteremka ziwani kutafuta riziki. Ndivyo ilivyokuwa katika njaa ya mwaka wa 1960 na 1961, wakati Serikali ya siku zile ilipowakusanya watu waliofilisika karibu na Ghuba ya Ferguson ili wapate chakula na kujifunza uvuvi. Ziwa lenyewe wakati ule liliitwa Rudolf, na jina la Turkana lilipewa mwaka wa 1975. Mambo kama hayo yalionekana tena baada ya mwisho wa mwaka wa 2020, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo na mifugo mingi ikafa. Mtu wa namna hiyo hununua ndoana zake kwa thamani ya mbuzi wa mwisho. Zikipotea usiku mmoja, hana mbuzi tena, na samaki pia hana.

Safari ya ndoana

Lodwar haiko ufuoni mwa ziwa, wala Kakuma haiko. Lodwar iko kando ya mto Turkwel, na mtu atokaye huko kwenda Kalokol, karibu na Ghuba ya Ferguson, husafiri yapata kilomita 60. Kakuma iko kando ya mto Tarach, yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar, katika barabara iendayo Lokichogio na mpaka wa Sudani Kusini. Hata hivyo miji hii miwili imefungamana na ziwa. Ndoana huuzwa Lodwar. Samaki aliyevuliwa kwa ndoana hiyo hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani huko ufuoni, kisha hupakiwa katika magari. Na sehemu yake huuzwa Kakuma, katika soko la mji na katika soko la kambi ya wakimbizi.

Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1992. Pamoja na makazi ya jirani ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa baadaye, ilikuwa na watu zaidi ya 250,000 katika mwaka wa 2023. Wametoka Sudani Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, na wengi wao wamezoea kula samaki mkavu tangu utoto. Kwa hiyo ndoana iliyofunguka tundu usiku ziwani ni hasara ya watu wengi: mvuvi amepungukiwa na fedha, mama mchuuzi amepungukiwa na bidhaa, na sufuria ya mtu asiyemjua mvuvi huyo imepungukiwa na kitoweo.

Vichwa vitatu

Ndoana ina sehemu tano. Iko ncha. Uko mwiba mdogo ulio nyuma ya ncha, uzuiao samaki asichomoke. Uko mkunjo, uchukuao uzito wa samaki. Liko shina, lililonyooka. Mwisho wa shina kiko kichwa. Katika maduka kuna vichwa vya namna tatu, na kila kimoja kina kazi yake.

Kichwa cha kwanza ni bapa. Mwisho wa shina hupondwa hata ukawa mpana kidogo, kama jembe dogo, wala hapana tundu. Uzi huzungushwa shinani mara nyingi, na upana wa bapa huuzuia usiteleze ukatoka. Wavuvi wengi wazee huipenda ndoana hii, nao wana sababu. Ni nyepesi, haina tundu la kufunguka, na ikifungwa vyema huvutwa sawasawa na shina lake. Ubaya wake ni kwamba haiwezi kupokea kitu kigumu. Pete haina mahali pa kupita, na waya ukizungushwa hapo haukazi kama uzi. Tena kingo za bapa zikiwa kali, nailoni huliwa kidogo kidogo mpaka ikatike.

Kichwa cha pili ni tundu lililokunjwa. Waya wa ndoana hukunjwa kwa mashine ukawa pete ndogo, na mwisho wake hugusa shina. Ndoana hii hupokea uzi, waya au pete. Lakini mara nyingine mwisho wa waya haukugusa shina barabara, ikabaki nafasi nyembamba kama unywele. Nafasi hiyo ndiyo adui wa mvuvi. Uzi mwembamba huweza kupenya hapo, na hata usipopenya, ncha kali ya waya huukwaruza. Tena samaki mkubwa akivuta, tundu lenyewe huweza kufunuka.

Kichwa cha tatu ni tundu lililozibwa, yaani mwisho wa waya umelehemiwa na shina, wala hapana nafasi yo yote. Ndoana kubwa za baharini hutengenezwa hivyo. Bei yake ni kubwa kuliko nyingine, na yafaa kwa mshipi wa samaki wazito na mahali ambapo waya au pete itafungwa juu ya ndoana yenyewe.

Fikira ya zamani

Watu wamefikiri juu ya jambo hili tangu zamani sana. Huko Lothagam, kusini-magharibi ya Ziwa Turkana, wachimbaji wa mambo ya kale katika miaka ya 1960 walipata ncha za mifupa zenye miiba, zilizotumiwa na watu waliovua samaki maelfu ya miaka iliyopita, wakati ziwa lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa. Baadhi ya ncha za namna hiyo zilizopatikana katika Afrika ya Mashariki na Sudani zina michirizi au pengo upande wa kitako, mahali pa kufungia. Fundi wa zamani alijua kwamba haitoshi kuchonga miiba. Alichonga pia mahali pa kamba.

Katika nchi ya Misri, kando ya mto Nile, ndoana za shaba zilitumika maelfu ya miaka kabla ya ndoana za chuma cha kiwandani, na michoro katika makaburi ya kale yaonyesha mvuvi ameshika uzi mmoja wenye ndoana kadhaa.

Huko Uingereza, wavuvi wa samaki wa mitoni walifunga ndoana ndogo zisizo na tundu moja kwa moja katika uzi utokanao na nondo wa hariri. Uzi ulipooza au kukwaruzika, ndoana na mapambo yake yote yalitupwa, ijapokuwa ncha ilikuwa bado kali. Katika miaka ya 1870 wavuvi wawili, H. S. Hall na G. S. Marryat, walifanya kazi ya kusitawisha ndoana ndogo zenye tundu. Tangu hapo uzi mbovu uliweza kukatwa, ndoana ile ile ikafungwa uzi mpya. Yaani tundu liliitenganisha maisha ya ndoana na maisha ya uzi. Karibu na wakati huo huo, mwaka wa 1877, mashine ya kutengeneza ndoana iliundwa katika kiwanda cha Mustad huko Gjøvik, Norway, na ndoana za mashine zikaanza kuenea duniani.

Norway ina sehemu nyingine pia katika habari za Turkana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol kwa msaada wa nchi hiyo. Kilifanya kazi muda mfupi tu, kwa kuwa gharama za umeme na maji safi zilikuwa kubwa, na katikati ya miaka hiyo maji ya Ghuba ya Ferguson yalikauka. Jengo kubwa lilishindwa, ndoana ndogo ikabaki mikononi mwa watu. Hii ndiyo sababu ya kuitunza na kuifahamu.

Jinsi ya kuijaribu ndoana dukani

Mnunuzi afanye majaribio matatu, na mwenye duka mwema hatamkataza.

Kwanza, achukue uzi mwembamba wa kushonea, aupitishe tunduni, kisha auvute kuelekea mahali ambapo mwisho wa waya hukutana na shina. Uzi ukipenya ukatoka nje, ndoana hiyo isitumiwe kwa samaki mkubwa. Ukikwama bila kutoka, nafasi ipo, nayo yaweza kukazwa kwa koleo. Ukiteleza bila kukwama, tundu ni zuri.

Pili, apitishe kipande cha nailoni tunduni, akivute mbele na nyuma mara kumi. Kisha akipapase kwa ukucha. Kikiwa kimekwaruzika, tundu lina ukingo mkali. Jaribio hili lafaa pia kwa bapa, kwa kukisugua kipande hicho ukingoni.

Tatu, atazame kama kichwa kimenyooka sawa na shina, au kimeinamishwa kuelekea ncha, au kimeinamishwa nje. Hakuna kilicho kibaya katika hivyo vitatu. Lakini vikichanganyika katika kisanduku kimoja, ndoana zitavuta kila moja kwa namna yake, na mvuvi hataweza kujua kosa liko wapi.

Namna ya kufunga

Ndoana nzuri iliyofungwa vibaya ni sawa na mlango imara usio na bawaba. Wengi hupitisha uzi tunduni na kufunga fundo juu ya tundu lenyewe. Fundo hilo huweza kuteleza upande mmoja wa tundu, na samaki akivuta, ndoana huenda mshazari.

Fundo lililo bora kwa mshipi wa kulaza ni lile la kuzungusha shinani. Uzi huingizwa tunduni kutokea upande wa ncha, hulazwa juu ya shina, kisha huzungushwa kulizunguka shina na uzi uliolazwa mara sita au saba, kila mzunguko ukikaa kando ya mwenzake bila kupandana. Mwisho wake hupitishwa chini ya mizunguko, hulowanishwa kwa maji au mate, na kukazwa polepole. Nailoni ikikazwa ikiwa kavu hupata joto na kudhoofika. Fundo hili likivutwa, nguvu hupita katika shina lote. Na kwa kuwa uzi umeingia upande wa ncha, ncha huelekea nje na kuingia nyama ya mdomo.

Faida ya pili ni kwamba mizunguko ya shinani huipunguzia kazi ile nafasi nyembamba ya tundu lililokunjwa. Hata tundu likifunuka kidogo, shina bado limeshikwa. Na mwenye ndoana za bapa aweza kutumia mizunguko hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fundo lake tangu awali.

Vyombo vya ziada

Mshipi wa ndoana nyingi, ambao wavuvi wa pwani ya Unguja huuita dhulumati, una kamba kuu moja ndefu, na katika kamba hiyo zimefungwa nyuzi fupi, kila uzi na ndoana yake. Katika Ziwa Turkana mshipi wa namna hii huwavua sangara, ambao Waturkana huwaita iji, na kambare pia. Sangara aweza kupita kilo 100. Mvuvi hawezi kujua ni yupi atakayekuja usiku.

Kanuni ya kwanza ni hii: tundu moja, mzigo mmoja. Baadhi ya watu huona tundu la ndoana kuwa ni msumari wa kutundikia kila kitu. Hufunga hapo uzi, wakaongeza waya wa kushikia chambo, kisha chubwi la risasi. Vitu hivyo husuguana ndani ya nafasi ndogo, na kilicho laini huliwa na kilicho kigumu. Tena ndoana haiwezi kugeuka kwa uhuru mdomoni mwa samaki. Kitu cha ziada kifungwe katika pete ndogo iliyo juu katika uzi, si katika tundu la ndoana. Tundu libaki na jambo moja tu la kushika.

Kanuni ya pili ni juu ya meno. Samaki aitwaye lokel kwa Kiturkana ana meno marefu makali, na nailoni kwake ni kama bua. Palipo na samaki huyo, kipande kifupi cha waya hutiwa kati ya ndoana na nailoni. Hapo ndipo mvuvi aonapo tofauti ya vichwa, kwa kuwa waya wahitaji tundu, tena tundu lililozibwa. Bapa haliwezi kazi hiyo. Aliyenunua kisanduku cha ndoana za bapa kwa sababu bei ilikuwa nafuu, kisha akahitaji waya, atanunua mara mbili.

Kanuni ya tatu ni juu ya kusokoteka. Kambare akinaswa hujizungusha, na uzi mfupi hujisokota katika kamba kuu mpaka ukawa kamba moja ngumu. Dawa yake ni kiungo kinachozunguka, yaani pete mbili zilizounganishwa ili moja igeuke bila kuigeuza nyingine. Kiungo hicho kifungwe mahali uzi mfupi unapokutana na kamba kuu. Asiyeweza kununua viungo kwa ndoana zote aanze na zile za karibu na chini, ambako kambare hukaa.

Kanuni ya nne ni ya kipimo. Nafasi kati ya uzi na uzi izidi urefu wa nyuzi mbili zikiunganishwa. Uzi ukiwa na urefu wa nusu pima, ndoana mbili jirani zikikutana zitahitaji pima moja. Basi nafasi ya pima mbili yatosha, nazo hazitakamatana. Kwa kipimo hicho ndoana 100 huchukua kamba ya pima 200, yaani mita 360 na kidogo zaidi. Upepo wa ziwa hili huvuma kwa nguvu kutoka kusini-mashariki, hasa usiku na asubuhi, na mshipi uliobanana hugeuka kuwa fungu la miiba kabla ya mapambazuko.

Kuchagua mahali pabovu

Wazee wamesema kwamba kamba hukatikia pabovu. Methali hii hutajwa kwa masikitiko, baada ya hasara. Lakini mvuvi mwenye busara huitumia kabla ya hasara. Hujua kwamba katika mshipi wote hapana budi kuwe na mahali palipo padhaifu kuliko pengine. Asipopachagua yeye, ziwa litapachagua.

Pabovu pakiwa katika kamba kuu, samaki mmoja mkubwa au mamba mmoja huweza kuondoka na ndoana 50. Pabovu pakiwa katika kichwa cha ndoana, tundu hufunuka, samaki huponyoka akiwa na jeraha, na mvuvi huvuta ndoana iliyoharibika asijue lililotokea. Lakini pabovu pakiwa katika ule uzi mfupi, karibu na kamba kuu, hasara ni ndoana moja na uzi wa nusu pima. Mshipi uliobaki huendelea na kazi yake.

Kwa hiyo nguvu zipangwe kwa daraja. Kamba kuu iwe na nguvu kuliko vyote. Kichwa cha ndoana na fundo lake vifuate. Uzi mfupi uwe wa mwisho, wenye nguvu za kutosha kumvuta samaki wa kawaida, lakini uweze kukatika kabla ya kamba kuu. Mtu akipata uzi mpya ulio imara sana na kuufunga kwa ndoana zenye matundu yaliyokunjwa, ameuhamisha udhaifu kutoka mahali pa hasara ndogo hadi mahali pa hasara kubwa, naye adhani ameongeza nguvu.

Kamba kuu ikipotea, madhara hayaishi siku hiyo. Ndoana zenye chambo huendelea kunasa samaki wasiovutwa na mtu, wakaoza majini. Mawimbi hutupa vipande ufuoni, ambako watoto hutembea bila viatu na mbuzi huja kunywa maji. Mvuvi aliyepoteza mshipi wake huenda akauona tena katika mguu wa mtoto wake.

Ndoana ya duara

Iko namna moja ya ndoana ambayo yastahili kujulikana zaidi, nayo ni ndoana ya duara. Ncha yake imekunjwa ndani kuelekea shina. Mtu aionaye mara ya kwanza hudhani haiwezi kumshika samaki. Lakini samaki akiimeza chambo na kuondoka, ndoana huteleza hata ikafika pembeni mwa mdomo, ikageuka na kushika hapo. Watu wa visiwa vya bahari ya Pasifiki walitengeneza ndoana zenye umbo la namna hiyo tangu zamani, na katika miaka ya 1980 wavuvi wa Marekani na Kanada wa upande wa Pasifiki walianza kuitumia kwa wingi katika mishipi yao ya kulaza, wakaona kwamba huvua zaidi kuliko ile ya kawaida.

Kwa mvuvi wa Turkana faida zake ni mbili. Samaki aliyeshikwa pembeni mwa mdomo hukaa hai muda mrefu kuliko aliyeshikwa tumboni. Katika maji ya joto kama ya ziwa hilo, samaki aliyekufa usiku wa manane huanza kuharibika kabla jua halijapanda. Aliye hai asubuhi ndiye afaaye kupasuliwa na kuanikwa. Pili, uzi hutoka kwa pembeni, mbali na meno ya mbele.

Lakini ndoana hii hufanya kazi kwa kugeuka, na kwa hiyo kichwa chake chataka uhuru kuliko kingine cho chote. Isifungiwe chubwi shinani, wala isizungushwe vitu vingi. Wala mvuvi asiivute kwa ghafula. Avute polepole bila kulegeza. Na chambo kisilijaze pengo lililo kati ya ncha na shina, kwa kuwa pengo hilo ndilo mlango wake.

Neno kwa wenye maduka na wachuuzi

Wenye maduka wa Lodwar na Kalokol wana sehemu yao. Mvuvi hununua kile anachokikuta. Duka likileta namna moja tu ya ndoana, lenye bei ndogo kuliko zote, mvuvi hana la kuchagua. Visanduku viwekwe mbali mbali kwa kichwa na kwa namba, na mnunuzi aelezwe hesabu ya namba, ambayo huwachanganya wengi: katika ndoana ndogo, namba ikipanda ndoana hupungua ukubwa, lakini katika ndoana kubwa, ambazo namba yake hufuatwa na mkwaju na sifuri, kama 2/0 na 5/0, namba ikipanda ndoana huzidi ukubwa. Aliyeomba ndoana ya namba kubwa akidhani ni kubwa, hurudi na ndoana ya kuvulia samaki wachanga, na samaki wachanga wakiisha, duka nalo litafungwa.

Wachuuzi wa Kakuma nao wanaweza kusaidia. Wao hununua samaki waliokauka, nao huona yule aliyeharibika kabla ya kuanikwa na yule aliyeanikwa akiwa mzima. Wakimlipa mvuvi wa samaki mzima bei iliyo bora, habari hiyo itafika ufuoni upesi kuliko hotuba yo yote.

Vikundi vya kusimamia fukwe, ambavyo vimekuwa mahali pa wavuvi kukutana na kushauriana, vyaweza kuweka siku moja katika mwezi ya kutazama mishipi. Kila mtu alete mshipi wake mkavu, ndoana zipapaswe moja moja, nyuzi zilizokwaruzika zikatwe na kufungwa upya. Mzee ajuaye fundo la shinani awafundishe vijana waliotoka katika malisho hivi karibuni na ambao mikono yao imezoea fimbo. Kazi hiyo yataka koleo, uzi, na asubuhi moja tu.

Basi, mnunuzi afikapo dukani Lodwar, aiguse ncha ya ndoana kama alivyozoea. Kisha aigeuze. Atazame kichwa, apitishe uzi wake, na kujiuliza ndoana hii itafungiwa nini, na nguvu ikizidi patakatika wapi. Akiisha kupata jibu la swali hilo, na alipe.